Samadi Badala ya Maua

Platanal Alto, 4 Februari 2018

Shemeji Aristides,

Habari za siku nyingi, habari za Chiclayo, habari za hayo masikio? Nakuandikia barua kwa sababu mara ya mwisho nilikupigia simu, nikaongea dakika kumi nzima, kumbe wewe ulikuwa umeiweka mezani ukaenda kunywa chai. Kuongea na wewe kwenye simu ni kumpigia ukuta kelele. Barua ataileta Wilmer wa pikapu. Mpe chai, usimpe pombe ya miwa, maana safari iliyopita alirudi akaipaki gari ndani ya zizi la watu.

Sisi huku wazima. Simbilisi wamefika thelathini na mmoja, wanazaana kama hawana kazi nyingine, na kweli hawana. Punda kazeeka lakini bado anakukumbuka: juzi alipita mtu mwenye kofia kama yako, akamtandika teke.

Sasa nisikilize, hili si la utani. Ushirika umetuletea bibi shamba mpya, binti anaitwa Yesenia, ana umri wa mjukuu na mdomo wa mama mkwe. Alichukua kakao yetu akaipeleka maabara. Majibu yamerudi, ina kadimiamu. Nikamuuliza, "Huyo kadimiamu ni mdudu gani, nimpulizie dawa?" Akasema si mdudu, ni metali nzito, iko kwenye udongo, mizizi inaivuta, inapanda mpaka kwenye tunda na kukaa ndani ya mbegu, na mtu anayekula chokoleti yake miaka na miaka inamharibu figo. Wanunuzi wa Ulaya hawataki izidi sifuri nukta nane kwa kipimo chao. Ya kwetu ni moja nukta tatu. Mwaka huu ushirika unanivumilia. Mavuno ya mwakani yatapimwa tena, na yakizidi, jina langu linafutwa.

Shemeji, miti hii aliipanda baba yenu kwa mkono wake. Kaka yako Telmo, mume wangu, kaitunza mpaka siku aliyokufa. Mimi nataka nife kabla ya hiyo miti, si baada yake.

Yesenia anasema samadi iliyooza vizuri inaishika hiyo metali chini, mizizi ikija kuvuta inakuta imeshafungwa. Basi nimeamua, samadi ya simbilisi, shamba zima, juu na chini. Nakuomba kitu kimoja. Nusu ya hati ni yako, na najua yule mtu wa mpunga anakuzunguka akitaka umkodishie. Mwambie asubiri. Nipe mpaka mavuno ya mwakani.

Na wewe uliuza mbolea miaka kumi na moja. Hebu niambie, kitu hiki kimetoka wapi?

Mimi ambaye bado sijafa,
Eudocia


Chiclayo, 25 Februari 2018

Shemeji Eudocia,

Pokea salamu kutoka mji wa watu wenye choo cha ndani. Masikio yangu ni mazima kabisa, dunia ndiyo imepunguza sauti. Wilmer nilimpa chai kama ulivyoagiza. Pombe alijimiminia mwenyewe nilipokuwa nasoma barua yako, kwa hiyo mimi sina hatia.

Huku maisha yanakwenda. Mama mwenye nyumba ananiletea supu kila Jumapili. Ama ananipenda ama ananipima nikifa chumba kitapangishwa lini. Daktari kaninyima chumvi. Punda wenu mwambie ninamkumbuka pia, na kama si umri angeshakuwa soseji.

Kuhusu jambo lako, nicheke au nilie? Shemeji, mavi ni mavi. Mimi niliuza virutubisho vilivyopimwa na watu waliosoma, ndani ya mfuko wa buluu wenye picha ya mkulima anayetabasamu. Umewahi kumwona simbilisi anatabasamu? Unataka mabwana wa Ulaya wale chokoleti iliyonyweshwa kinyesi cha panya wasio na mkia? Ng'oa hiyo miti. Mpunga hauulizwi maswali. Unalala, unaamka, umeota.

Lakini nakujua. Wewe ukinuna hata mvua inakata. Basi tukubaliane kama watu wazima. Mavuno ya mwakani yapimwe. Yakizidi sifuri nukta nane, miti inakatwa, shamba linakwenda kwa mpunga, na hutalia mbele yangu. Niandikie kwamba umekubali.

Uliuliza metali imetoka wapi. Shemeji, huku joto la mwaka huu sijapata kuliona.

Aristides


Platanal Alto, 28 Machi 2018

Shemeji,

Nimekubali. Andiko langu ndilo hili, litunze pamoja na meno yako ya bandia ili lisipotee. Na joto la Chiclayo nimelisikia. Mimi nilikuuliza habari za metali.

Tumefanya misa ya mwaka ya Telmo na mimi nimevuliwa nguo nyeusi za msiba. Wewe hukuja. Nilikuwekea kiti mstari wa mbele, kikakaliwa na mbwa wa Segundo Neira, naye alitulia kuliko ambavyo ungetulia wewe.

Nikueleze ilivyokuwa, maana utasikia kwa watu na watatia chumvi ambayo daktari kakunyima. Wiki mbili kabla nilipita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia, mwaka huu hakuna kuleta maua. Telmo maua yalimpigisha chafya toka ujana. Anayempenda Telmo alete gunia la samadi ya simbilisi, kavu, isiyo na mifupa wala sigara. Wengine walidhani kichwa kimeniruka. Lakini wewe unawajua watu wa huku, kitu cha bure wakiombwa hawashindwi. Yalikuja magunia sitini na matatu! Tukayapanga ukuta mzima wa kanisa, kila moja na jina la familia, kama mashada.

Padri akatoka na kanzu yake nyeupe, akasimama. "Eudocia, nini hiki?"

"Sadaka, padri."

"Inanuka."

"Hata Lazaro alinuka, padri, na Bwana hakurudi nyumbani."

Alijaribu kukasirika, kicheko kikamshinda. Akanyunyizia magunia maji ya baraka kwa mbali, mkono mmoja puani. Kisha mama yangu wa ubatizo, yule ambaye sasa haoni vizuri, akanivua nguo nyeusi mbele ya watu, na chini nilikuwa nimevaa nyekundu. Wakaanza kunong'ona kwamba mjane kapata bwana. Nikawaambia kwa sauti, bwana ninaye, huyo hapo kwenye magunia.

Nilicheka siku nzima. Walipoondoka nililia, nikaosha sufuria, nikalia tena. Basi.

Yesenia anakusalimu. Anataka kujua Telmo alikuwa anatia mbolea gani, kiasi gani, miaka gani. Nikamwambia shemeji yangu ndiye aliyekuwa akituletea, atamwambia yote. Mwandikie huyo binti.

Eudocia


Chiclayo, 17 Juni 2018

Shemeji mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Kwanza jino, halafu mvua iliingia chumbani, halafu Kombe la Dunia. Peru tumefika baada ya miaka thelathini na sita, na jana tumekosa penalti tukafungwa na Wadenmaki. Unawezaje kuandika barua katika hali hiyo? Mama mwenye nyumba kazimia. Nilimpepea kwa gazeti mpaka akafumbua macho akaniuliza kama ni mimi au ni shetani, nikamwambia penalti tumekosa, akazimia tena.

Habari ya misa ilinifikia kabla ya barua yako. Huku sokoni wanasema Platanal Alto marehemu anazikwa kwa mavi. Nilijitetea kwamba siijui familia hiyo.

Sikuja kwa sababu ya mgongo. Kusafiri kwa pikapu muda wa saa tisa kwa umri wangu ni kujiua kwa nauli. Usidhani vingine.

Mwambie huyo binti mifuko ile ilikuwa ya kawaida, fosfeti ya kawaida, kila mtu alitumia. Hakuna la kuandika.

Wilmer nimempakilia mifuko arobaini ya chokaa ya shamba. Udongo wenu ni mchachu, na kwenye udongo mchachu metali hiyo inapanda upesi. Changanya chokaa kabla ya samadi, mwezi mmoja kabla, si siku moja. Usiniulize nimejuaje.

Aristides


Platanal Alto, 30 Julai 2018

Shemeji Aristides,

Chokaa imefika. Nani kafa? Miaka arobaini nakujua, hujawahi kumpa mtu hata kiberiti. Harusi yetu ulileta kuku mmoja, ukamla mwenyewe. Leo unanitumia mifuko arobaini bila kuombwa! Nimeipokea, nimeimwaga kama ulivyosema, ahsante sana. Ila nimekaa nayo moyoni.

Huku tunafanya kazi ya punda, na punda mwenyewe anatutazama. Samadi haimwagwi ikiwa mbichi, Yesenia kakataza. Inalazwa kwenye rundo pamoja na migomba iliyokatwakatwa na majani makavu, inanyunyiziwa maji, inafunikwa, na kila siku kumi inageuzwa kwa uma. Ndani inachemka. Nilitia mkono nikautoa mbio. Baada ya miezi mitatu inakuwa nyeusi na haina harufu tena, inanukia udongo wa msituni baada ya mvua. Nimeweka kiganjani nikainusa mbele ya padri ili aone haya.

Lakini kosa nimelifanya, acha nikwambie kabla Wilmer hajakwambia. Unajua desturi yetu, ukipasua kakao maganda unayaacha palepale chini ya mti, wazee walisema mti unarudishiwa chake. Mimi nikajiona mjanja, nikayakusanya maganda yote nikayatia kwenye rundo langu. Siku Yesenia alipokuja akayaona, alishika kichwa.

"Mama Eudocia! Hayo maganda yametoka kwenye miti ipi?"

"Hii hii."

"Na ile metali iko wapi?"

"Kwenye kakao."

"Na kwenye maganda je? Unamfukuza mwizi mlangoni, unamwingizia dirishani!"

Kwa kweli nilitaka kumpiga kwa aibu. Tuliyachambua maganda kwa mikono siku nne, ganda moja moja, ndani ya samadi ya moto. Watu watatu na mimi wa nne. Nililaani ukoo wenu mzima, wewe ukiwa wa kwanza.

Sasa la maana. Amepima udongo. Shamba la chini, lile ambalo Telmo alikuwa anatia mifuko yako ya buluu, lina metali mara mbili ya shamba la juu. Yesenia anasema kidogo kinatoka kwenye mwamba, hicho ni cha Mungu. Kilichozidi si cha Mungu. Kaniuliza tena habari za mifuko, mimi nikatazama miguu yangu.

Shemeji, ulijuaje kuhusu chokaa?

Eudocia


Platanal Alto, 21 Oktoba 2018

Aristides,

Barua ya Julai hukuijibu. Agosti nikasema ni mgongo. Septemba nikasema ni jino. Sasa nasema ni wewe.

Leo sina salamu ndefu. Simbilisi wazima, punda mzima, mimi sijui.

Segundo Neira amekata kakao yake yote, miti mia mbili. Kipimo chake kilikuwa moja nukta sita, akasema ardhi ya baba yake imelaaniwa, akakodi msumeno. Alipomaliza alikaa kwenye kisiki akalia mpaka mkewe akaja kumchukua. Bertila wa mtoni naye kaanza kukata. Wote wawili walinunua mifuko kwako. Wanadhani ni dhambi zao. Bertila kamuuliza padri kama ni kwa sababu ya ile mimba ya mwaka themanini na saba. Nilisikia kwa masikio yangu, na sikusema kitu.

Sikusema kwa sababu na mimi ninalo langu. Nimewaambia watu wote kwamba shamba la juu ni langu mimi, la samadi tupu, halijawahi kuonja mifuko yako. Ni uongo. Telmo alipokufa aliacha mifuko kumi na minne ghalani. Aliipanga mwenyewe, ile mipangilio yake ya kuhesabu na kurudia. Kila nikiingia ghalani naiona. Sikuweza kuitupa, alikuwa ameigusa. Sikuweza kuiacha ioze. Basi wiki tatu baada ya mazishi niliibeba moja moja nikaimwaga shamba la juu, huku najua kabisa kwamba siiamini. Ndiyo maana na la juu limechafuka. Nilifanya ubahili wangu na msiba wangu vikawa kitu kimoja.

Hayo sijamwambia mtu. Yesenia nitamwambia kesho. Nimeanza na wewe.

Sasa zamu yako. Mficha uchi hazai, na wewe na mimi tumeshapita umri wa kuzaa, kwa hiyo hatuna hata sababu ya kuficha.

Eudocia


Chiclayo, 16 Desemba 2018

Shemeji,

Nimeianza barua hii mara tano. Nne za kwanza zilikuwa na utani mzuri sana, moja ilikuwa na mama mwenye nyumba na ndoo. Nimezichana.

Ilikuwa Agosti 2009. Shehena mpya ya fosfeti iliingia bandarini, na kampuni yetu, ambayo leo haipo hata jina lake, ilikuwa na mkemia mmoja mwoga mwoga. Aliniita nyuma ya ghala akanipa karatasi. Kuna namba aliyoipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Don Aristides, shehena hii ina kadimiamu nyingi, ikitiwa mwaka hadi mwaka itakaa kwenye ardhi na haitatoka." Nilikwenda kwa bosi. Bosi akacheka. Akasema wakulima hawali mbolea. Na mimi, shemeji, nikacheka naye. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Kuuza nimeuza kwa sababu nilikuwa nauza, ndiyo kazi niliyoijua. Lakini kile kicheko hakuna aliyenilazimisha.

Nikaikunja karatasi. Nikaendelea miaka sita.

Kaka alinunua kwangu kuliko mtu yeyote. Nilimpunguzia bei nikajiona mtu mwema. Mwaka 2013 aliniuliza, tulikuwa tumekaa mlangoni kwenu, wewe ulikuwa unakaanga ndizi. "Ari, hii kitu yako ni safi?" Nikamwambia, "Kaka, ningekuletea wewe kitu kibaya?" Akasema, "Basi niletee kumi zaidi." Hakuuliza tena mpaka alipokufa. Ningependa angeuliza mara ya pili. Mara ya pili labda ningesema.

Misa sikuja kwa sababu hiyo. Mgongo wangu ni mzima. Hata masikio si mabaya hivyo. Siku ile ulipopiga simu nilikuwa nasikia kila neno, ulikuwa unaniuliza kama naikumbuka sauti yake, nikaiweka simu mezani.

Chokaa niliijua kwa sababu toka 2009 nimesoma kila nilichokipata kuhusu metali hii. Najua mengi mno kwa mtu ambaye hakufanya lolote.

Karatasi ninayo. Miti haina kosa. Fanya unavyotaka na mimi.

Aristides


Platanal Alto, 19 Mei 2019

Aristides,

Ni miezi mitano sijakuandikia. Haikuwa mgongo wala jino. Nilikuwa nakuchukia, na ilinibidi kufanya hivyo kati ya kumwaga samadi na kuvuna, kwa hiyo ilichukua muda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka Wilmer akugonge. Mara ya pili nilimchukia Telmo, kwa kukuamini, na nikamwambia kaburini, nikamtukana vizuri, mwenye kaburi la jirani akahama. Mara ya tatu nililia kwa ajili yenu nyote wawili mlivyokaa pale mlangoni, nami najifanya nakaanga ndizi. Nilisikia, Ari. Nilisikia anakuuliza, nikasikia ulivyochelewa kujibu. Nikazigeuza ndizi. Hata mimi ningeweza kuuliza mara ya pili.

Sasa kipimo. Kimerudi jana. Tumetia samadi magunia mia mbili na kumi, chokaa yako yote, maganda tumeyazika mbali. Kutoka moja nukta tatu tumeshuka hadi sifuri nukta tisa. Nukta tisa! Imezidi kwa nukta moja. Yesenia anasema ni maajabu kwa mwaka mmoja, miaka miwili mingine itashuka zaidi, samadi haina haraka, inafanya kazi polepole. Lakini sheria ni sheria. Na mimi nilikuandikia kwamba nimekubali. Kwa andiko langu mwenyewe, miti ni yako kuikata.

Nilikuwa nimeshakaa kuandika "njoo ukate", Yesenia akaingia. Anasema mnunuzi anaweza kuwapa wanachama wote miaka mitatu ya kusafisha mashamba, bila kumfuta mtu, kama ushirika ukileta ushahidi kwamba uchafu ulitoka kwenye mifuko na si kwenye ardhi yenyewe. Wanataka ile karatasi. Na wanataka mtu anayekumbuka nani alichukua mifuko mingapi na mwaka gani, ili wajue samadi ianzie wapi. Hiyo wewe unayo kichwani, hata deni la yai la mwaka sabini unalikumbuka.

Karatasi hutampa Wilmer. Mkutano wa ushirika ni Jumapili, tarehe tisa Juni, baada ya misa. Watakuwepo Segundo na visiki vyake mia mbili. Atakuwepo Bertila ambaye anadhani Mungu kaikumbuka mimba yake. Utasimama mbele yao, utasoma ile karatasi, utasema uliyoniambia mimi, pamoja na kile kicheko. Kicheko usikiruke.

Watakupiga. Sitakudanganya. Si sana, kwa umri wako. Segundo mkono wake wa kulia una baridi yabisi, atatumia wa kushoto. Mimi nitakaa mstari wa mbele na sitasimama kukutetea mpaka umemaliza kusema. Ukimaliza nitasimama na kusema langu la mifuko kumi na minne, labda tupigwe wote.

Kukusamehe bado. Sijui kama nitaweza. Najua tu kwamba watu hawa wanaomba toba kwa dhambi ambayo ni yako, na kila wiki mmoja anawasha msumeno.

Eudocia


Chiclayo, 2 Juni 2019

Shemeji,

Wilmer anasubiri mlangoni, naandika haraka. Amenywa maji tu, nimemsimamia.

Nakuja, na msumeno siuleti. Ninaogopa sana, shemeji. Nimejaribu kuisoma karatasi mbele ya kioo, nikifika kwenye namba narudi mwanzo. Mama mwenye nyumba alinikuta, akauliza ninajifunza mashairi ya nani. Nikamwambia yote, yeye ndiye wa kwanza kuyasikia kwa mdomo. Akasema kaka yake ana shamba la kakao Jaén, na alinunua mifuko ya buluu. Akaondoa supu mezani. Sikuila.

Majina nimeyaandika. Ni nyumba thelathini na nane, na la kwanza ni Telmo Carhuapoma.

Usiniwekee kiti. Nitasimama.

Aristides